Mafumbo ya Mfuatano wa Namba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila mtu anapoanza kuhangaika na mafumbo ya namba, iwe kwa ajili ya mtihani, usaili wa kazi au kwa raha tu. Yanaanza na mepesi. Aliyekwisha zoea anaweza kuruka hadi sehemu ya utata, ambako ndiko utamu ulipo.

## Mambo ya mwanzo

Mfuatano wa namba ni nini, na fumbo linataka nifanye nini?

Ni namba zilizopangwa kwa utaratibu fulani, kila moja ikiwa na nafasi yake. Ukipewa 7, 11, 15, 19 na kuulizwa inayofuata, utajibu 23 bila kuchelewa, kwa sababu kila hatua inaongeza 4. Hiyo 23 ni ushahidi tu. Mali yenyewe ni kanuni ya "ongeza 4". Kila ninayemfundisha namsisitizia: usiandike jibu kabla ya kuweza kuisema kanuni kwa sentensi moja. Ukishindwa kuisema, umebahatisha, hata kama umepata.

Je, lazima niwe hodari wa hesabu?

Hapana. Kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya kunatosha kwa mafumbo mengi. Kinachowaangusha watu ni kutaka kufanya yote kichwani. Shika kalamu. Tofauti uliyoiandika unaiona. Uliyoibakiza kichwani inapotea mara tu unapoanza kutafuta ya pili.

Nianzie wapi nikikutana na fumbo ambalo sijawahi kuliona?

Tazama mwendo wa namba kabla ya kukokotoa chochote. Zinapanda taratibu, kwa hatua zinazokaribiana? Shuku kujumlisha. Zinapaa, kila moja ikikaribia mara mbili au mara tatu ya iliyotangulia? Shuku kuzidisha. Zinapanda na kushuka? Huenda ni mifuatano miwili iliyosukwa pamoja (tazama sehemu ya "Kanuni zinazojificha").

Kisha andika tofauti kati ya kila namba na jirani yake. Zisiposema kitu, gawanya kila namba kwa iliyoitangulia. Ikiwa bado kimya, zilinganishe na namba maarufu zilizotajwa kwenye jibu linalofuata. Mimi hufuata mpangilio huo huo kila mara, hata ninapodhani nimeshaliona jibu.

Ni namba zipi zinafaa kukaririwa?

Chache tu. Vipeo vya pili: 1, 4, 9, 16, 25, 36, 49, 64, 81, 100. Vipeo vya tatu: 1, 8, 27, 64, 125. Vipeo vya mbili: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64. Namba tasa: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23. Namba za pembetatu: 1, 3, 6, 10, 15, 21. Na zile zinazopatikana kwa kuzidisha 1 × 2 × 3 na kuendelea: 1, 2, 6, 24, 120, 720.

Faida yake ni kwamba mtunzi wa mafumbo hupenda kuzisogeza hatua moja ili usizitambue. Mfuatano 2, 5, 10, 17, 26 ni vipeo vya pili vilivyoongezwa 1. Mfuatano 0, 7, 26, 63, 124 unatisha ukiutazama juu juu, lakini 63 ni jirani wa 64 na 124 ni jirani wa 125: ni vipeo vya tatu vilivyopunguzwa 1, kwa hiyo inayofuata ni 216 kutoa 1, yaani 215. Ukiona namba isiyo na sura, waulize majirani zake.

## Njia ya tofauti

Jedwali la tofauti hutengenezwaje?

Chukua 4, 7, 14, 27, 48. Andika namba zenyewe kwenye mstari wa juu. Chini yake andika tofauti, na chini ya hizo, tofauti za tofauti, mpaka ufike kwenye mstari usiobadilika:

4, 7, 14, 27, 48
3, 7, 13, 21
4, 6, 8
2, 2

Umefika chini. Sasa panda. Mstari wa mwisho unaendelea na 2 nyingine. Hiyo 2 ukiijumlisha na 8 unapata 10. Hiyo 10 ukiijumlisha na 21 unapata 31. Hiyo 31 ukiijumlisha na 48 unapata 79, nalo ndilo jibu. Hukuhitaji kuijua kanuni nzima. Ulihitaji kutoa wakati wa kushuka na kujumlisha wakati wa kupanda.

Njia hii ina heshima yake katika historia. Mwaka 1822 Mwingereza Charles Babbage alitangaza mpango wa mashine ya kukokotoa majedwali ya hesabu, na mashine hiyo ilitegemea jambo hili hili: kwamba kwa tofauti, kazi ngumu ya kuzidisha inageuka kuwa kujumlisha tu. Hakuwahi kuikamilisha. Mashine iliyojengwa kwa michoro yake ya baadaye ilikamilishwa London mwaka 1991, nayo ikafanya kazi.

Nimeshuka mistari minne na tofauti hazitulii. Nifanye nini?

Acha kushuka, utazame zilivyo. Tofauti zisizotulia mara nyingi zinakuonyesha kitu kingine.

Kwa 2, 5, 11, 23, 47, tofauti ni 3, 6, 12, 24. Hazitulii, lakini kila moja ni mara mbili ya iliyotangulia. Inayofuata ni 48, na 47 + 48 ni 95. Mtu mwingine ataona "zidisha kwa 2, ongeza 1" na kufika 95 vilevile. Njia mbili zikikutana kwenye jibu moja, unaweza kulala usingizi.

Kwa 1, 2, 6, 24, 120, tofauti ni fujo tupu. Gawanya badala ya kutoa: 2, 3, 4, 5. Inayofuata ni 120 × 6, yaani 720.

Na kuna wakati tofauti zinakurudishia mfuatano ule ule ulioanza nao. Hiyo ni dalili ya Fibonacci au ndugu zake, ambao wana swali lao hapa chini.

Nitapataje namba ya 20 bila kuziandika zote?

Hapo unahitaji kanuni inayotumia nafasi. Tuite nafasi *n*.

Tofauti za kwanza zikiwa sawa, kanuni ni tofauti hiyo mara *n*, kisha rekebisha. Kwa 7, 11, 15, 19 tofauti ni 4. Nafasi ya kwanza 4 × 1 ni 4, lakini tunataka 7, basi ongeza 3. Kanuni ni 4*n* + 3, na namba ya 20 ni 83.

Tofauti za pili zikiwa sawa, kuna *n* × *n* ndani yake, na kizidishio chake ni nusu ya tofauti hiyo ya pili. Chukua 5, 12, 23, 38, 57. Tofauti za kwanza ni 7, 11, 15, 19. Za pili ni 4, 4, 4. Nusu ya 4 ni 2, kwa hiyo ondoa mara mbili ya vipeo vya pili, yaani 2, 8, 18, 32, 50. Kinachobaki ni 3, 4, 5, 6, 7, ambayo ni *n* + 2. Kanuni nzima: 2*n* × *n* + *n* + 2. Namba ya 20 ni 800 + 20 + 2, yaani 822. Kabla ya kuiamini, ijaribu kwa nafasi ya 5: 50 + 5 + 2 ni 57. Sawa.

## Kanuni zinazojificha

Kwa nini namba zinapanda na kushuka?

Mara nyingi ni mifuatano miwili iliyopishanishwa. Katika 5, 40, 8, 36, 11, 32, 14, soma nafasi za witiri peke yake: 5, 8, 11, 14. Kisha za shufwa: 40, 36, 32. Inayofuata ni 28. Dalili nyingine ni urefu: fumbo lenye namba saba au nane lina nafasi ya kubeba mifuatano miwili, lenye namba nne ni nadra.

Uwezekano wa pili ni vitendo viwili vinavyopokezana. Katika 3, 6, 4, 8, 6, 12, 10, unazidisha kwa 2, unatoa 2, unazidisha tena. Zamu imefika ya kuzidisha: 20.

Namba hasi na chanya zikipokezana?

Kizidishio ni hasi. Katika 3, −6, 12, −24 kila hatua ni mara −2, basi inayofuata ni 48. Ukichanganyikiwa, sahau alama kwa muda, tatua namba, kisha uzirudishe.

Mfuatano wa Fibonacci ni upi, na nitautambuaje akijificha?

Ni 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21: kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia. Unabeba jina la Leonardo wa Pisa, anayejulikana pia kama Fibonacci, aliyeuandika mwaka 1202 kwa swali la sungura wanaozaliana. Wataalamu wa arudhi (kanuni za utunzi wa mashairi) wa India walikuwa wameufikia kabla yake, na njia waliyopitia inapendeza kwa yeyote anayejua kuhesabu mizani. Waliuliza: ikiwa silabi fupi inachukua pigo moja na ndefu mapigo mawili, kuna njia ngapi za kujaza mstari wa mapigo kadhaa? Mapigo mawili yana njia 2, matatu njia 3, manne njia 5, matano njia 8. Ni mfuatano ule ule.

Kwenye mafumbo huja na mwanzo tofauti. Katika 3, 4, 7, 11, 18, 29, tofauti ni 1, 3, 4, 7, 11, yaani mfuatano wenyewe umerudi ukiwa umechelewa. Inayofuata ni 18 + 29, yaani 47. Alama yake nyingine ni kwamba kadiri unavyoendelea, kila namba inakaribia mara 1.618 ya iliyotangulia. Ukigawanya na kupata majibu yanayozunguka 1.6, jaribu kujumlisha mbili za mwisho. Wapo pia wanaojumlisha tatu za mwisho: 1, 1, 2, 4, 7, 13, 24, kisha 44.

Namba tasa huingiaje?

Zikija wazi, 2, 3, 5, 7, 11, unazijua kwa kukariri tu, maana tofauti zake hazina mpango rahisi. Zikijificha, huwa ndani ya kuzidisha. Mfuatano 6, 15, 35, 77, 143 umewashinda wengi niliowapa. Tofauti ni 9, 20, 42, 66, hazisemi kitu. Lakini ukigawanya kila namba kwa vigawo vyake unaona 2 × 3, 3 × 5, 5 × 7, 7 × 11, 11 × 13. Inayofuata ni 13 × 17, yaani 221. Kila nikikwama, kutafuta vigawo ndilo jaribio langu la mwisho kabla ya kukata tamaa.

Nifanyeje na sehemu?

Tenganisha namba za juu na za chini, kila kundi litatuliwe peke yake. Mtego ni kwamba sehemu huweza kuwa zimerahisishwa. Ukiona 1/2, 1/2, 3/8, 1/4, 5/32, zirudishe zilivyokuwa: 1/2, 2/4, 3/8, 4/16, 5/32. Juu zinahesabiwa moja moja, chini zinaongezeka mara mbili. Inayofuata ni 6/64, ambayo ni 3/32.

Vipi kama kanuni iko kwenye tarakimu zenyewe?

Jaribu hilo njia za kawaida zinapogoma na tofauti zinakuwa ndogo zisizo na mpango. Katika 16, 23, 28, 38, 49 tofauti ni 7, 5, 10, 11. Jumlisha tarakimu: 1 + 6 ni 7, 2 + 3 ni 5, 2 + 8 ni 10, 3 + 8 ni 11. Kila namba inaongezewa jumla ya tarakimu zake. 4 + 9 ni 13, basi inayofuata ni 62.

Je, kuna mafumbo ambayo si ya hesabu kabisa?

Yapo, na ndiyo yanayowaumbua mahodari wa hesabu. Mfuatano 31, 28, 31, 30, 31, 30, 31, 31 ni siku za miezi. Na huu je: 4, 5, 4, 3, 4, 4, 4? Mara ya kwanza nilipoletewa nilijaza ukurasa mzima kwa tofauti. Ni idadi ya herufi: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Kuanzia tano hadi kumi zote zina herufi nne.

Maarufu kuliko yote ni 1, 11, 21, 1211, 111221, uliochunguzwa kwa kina na mwanahisabati John Conway. Unatatuliwa kwa kusoma kwa sauti. Namba ya kwanza ina 1 moja, andika 11. Hiyo ina 1 mbili, andika 21. Hiyo ina 2 moja na 1 moja, andika 1211. Baada ya 111221 inakuja 312211, na hata ukiendelea milele hutaona tarakimu inayozidi 3.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana kikwazo chake, na nimeona watu wakikwama bila kujua kwa nini. Fumbo linataka utaje idadi kwanza, kitu baadaye. Sisi husema kitu kwanza: vitabu viwili, siku tatu. Kwa hiyo 11 tunaisoma "moja, ziko mbili" na kuandika 12. Ukiendelea kwa mpangilio wetu unapata 1, 11, 12, 1121, 122111. Sasa ziweke sambamba na zile za mwanzo: 12 na 21, 1121 na 1211, 122111 na 111221. Kila moja ni nyingine iliyosomwa kinyume, na itakuwa hivyo daima. Kanuni yako ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Uliitazama kwenye kioo.

## Mapengo na makosa

Namba inayokosekana ikiwa katikati?

Ni rahisi kuliko ya mwisho, kwa kuwa unaweza kuikabili pande zote mbili. Katika 81, 54, __, 24, 16, upande wa kushoto 54 ni theluthi mbili za 81, na upande wa kulia 16 ni theluthi mbili za 24. Pengo ni theluthi mbili za 54, yaani 36, na theluthi mbili za 36 ni 24. Mnyororo umeungana.

Mapengo yakiwa mengi, gawa umbali. Ukijua ni mfuatano wa kujumlisha, 5, __, __, 26 una hatua tatu zenye jumla ya 21. Kila hatua ni 7: 12 na 19.

Nimeambiwa kuna namba moja isiyofaa. Nitaikamataje?

Kwa jedwali la tofauti. Katika 6, 11, 18, 27, 37, 51 tofauti ni 5, 7, 9, 10, 14. Zilikuwa zinakwenda 5, 7, 9, na zingetarajiwa kuendelea 11, 13. Kumbe 10 imepungua moja na 14 imezidi moja. Namba mbovu huharibu tofauti mbili zinazoigusa, moja ikipungua kwa kiasi kile kile ambacho nyingine imezidi. Inayozigusa zote mbili ni 37. Ilipaswa kuwa 38.

## Utata

Je, fumbo lina jibu moja tu?

Kihesabu, hapana kabisa. Baada ya 1, 2, 4 anaweza kuja 8 (zidisha kwa 2) au 7 (ongeza 1, ongeza 2, ongeza 3). Na zaidi ya hapo, naweza kukupa kanuni halali inayotoa 1, 2, 3, 4 kisha 29: *n* + (*n* − 1)(*n* − 2)(*n* − 3)(*n* − 4). Kwa nafasi nne za kwanza mabano moja huwa sifuri na yote yanafutika. Kwa nafasi ya tano yanakuwa 4 × 3 × 2 × 1, yaani 24, na 5 + 24 ni 29. Kwa ujanja huo namba yoyote inaweza kufuata mfuatano wowote.

Kwa hiyo fumbo linaomba kanuni *nyepesi kuliko zote* inayoeleza namba zote zilizotolewa. Ili kupima wepesi, hesabu vitu ulivyojichagulia ndani ya kanuni yako. "Anza na 7, ongeza 4" ina vitu viwili, na inaeleza namba nne: imefanya kazi. Kanuni yenye vitu vinne vya kujichagulia inayoeleza namba nne haijaeleza kitu.

Ni namba ngapi zinatosha kuwa na uhakika?

Kwa kujumlisha au kuzidisha kwa kawaida, mbili zinakupa kanuni na ya tatu inaithibitisha. Kwa mfuatano wenye tofauti za pili zilizo sawa, tatu zinakupa kanuni, ya nne inaipima, ya tano inakupa utulivu. Fumbo lenye namba tatu tu na mwendo usio wazi limetungwa vibaya, na hakuna aibu kusema hivyo.

Uhakika kamili haupatikani kwa kutazama. Weka nukta kwenye duara, ziunganishe zote kwa mistari, uhesabu vipande vingi kabisa vinavyoweza kupatikana. Nukta 1 inatoa kipande 1, kisha 2, 4, 8, 16. Kila mtu anasema 32. Chora nukta ya sita uhesabu: ni 31. Kisha 57, kisha 99. Ukiujengea jedwali la tofauti, mstari wa nne wa tofauti unatulia kwenye 1. Mwanahisabati Leonhard Euler naye alionyesha mwaka 1772 mfuatano unaotolewa na kanuni *n* × *n* + *n* + 41, ambayo kuanzia *n* = 0 hadi 39 inatoa namba tasa mara 40 mfululizo. Kwa *n* = 40 inatoa 1681, ambayo ni 41 × 41.

Jibu langu ni tofauti na la kitabu. Nani yuko sahihi?

Andika kanuni zote mbili na kuzipima kwa kipimo cha jibu lililotangulia juu ya wepesi. Yako ikiwa nyepesi sawa au zaidi na inaeleza kila namba, jibu lako ni halali, na vitabu hukosea kuchapwa pia. Katika mtihani wa kuchagua, jibu lako lisipokuwemo kati ya yaliyoorodheshwa, rudi nyuma: jaribu kila chaguo kwenye jedwali la tofauti uone lipi linatulia.

Muda ukiwa mfupi?

Tofauti mistari miwili, kugawanya mara moja, kupishanisha mara moja. Visipozaa kitu, weka alama uende swali jingine. Nimeona mara nyingi mtu akirudi baada ya maswali matatu na kuiona kanuni papo hapo.

Kuna mahali pa kutafuta mfuatano usiotambulika?

Upo mkusanyo wa mifuatano mtandaoni uitwao OEIS, unaotumika bure. Neil Sloane alianza kukusanya mifuatano mwaka 1964 akiwa mwanafunzi, akaichapa kitabu mwaka 1973, na mwaka 1996 ikaingia kwenye intaneti. Unaandika namba zako, unapewa mifuatano iliyomo humo yenye namba hizo. Ingiza 1, 2, 4, 8, 16 uone ni mingapi. Ule wa duara utaukuta humo. Ila utafute baada ya kuhangaika mwenyewe, la sivyo unajinyima kilichokuleta.

Je, kuna mfuatano ambao kanuni yake inajulikana lakini bado ni fumbo?

Upo, na mtoto anaweza kuucheza. Chagua namba nzima yoyote kuanzia 1. Ikiwa shufwa, igawanye kwa 2. Ikiwa witiri, izidishe kwa 3 na kuongeza 1. Rudia. Kuanzia 7 unapata 22, 11, 34, 17, 52, 26, 13, 40, 20, 10, 5, 16, 8, 4, 2, 1. Swali hili linahusishwa na Lothar Collatz, mwaka 1937: je, kila namba hatimaye hufika 1? Zote zilizowahi kujaribiwa zimefika, na hakuna aliyethibitisha kwamba zote zitafika. Ukiwa na karatasi ya kutosha anza na 27. Itapanda hadi 9232, na itachukua hatua 111 kufika chini.